Umeme Usioruhusiwa Kukatika

Kilo 1 ya alumini hula uniti 13 hadi 15 za umeme, ndiyo maana baadhi ya viwanda vya kuyeyushia alumini hujengewa mtambo wao wenyewe wa kufua umeme. Jimboni Victoria, Australia, kiwanda cha Alcoa cha Point Henry, karibu na Geelong, kilipata wa kwake mwaka 1969: mtambo wa megawati 150 uliojengwa Anglesea, ubavuni mwa mgodi wa makaa ya mawe ya kahawia.

Sababu nyingine iko ndani ya vyungu. Alumina, yaani oksidi ya alumini, huyeyushwa katika madini ya kriolaiti kwenye nyuzi joto 960 hivi, ndani ya vyungu vya chuma vilivyotandikwa kaboni. Kila kimoja huhitaji volti 4 na ushee tu, lakini kwa mkondo wa maelfu kwa maelfu ya ampea, na vyote vimeungwa mfululizo: umeme hutoka hiki ukaingia kile. Umeme huohuo unaotenga alumini ndio unaoleta joto. Ukikatika, fundi wa vyungu huanza kuhesabu saa. Ya kwanza na ya pili bado ana nafasi. Ya nne au ya tano ikiingia, kimiminika kinaganda. Hapo umeme ukirudi haumsaidii. Ni kuvunja gamba, kuchimbua alumini iliyoshikamana na kaboni, na pengine kutandika upya, chungu kimoja baada ya kingine, kwa miezi. Ni kazi ngumu mno, tena ya kurudisha tu kilichokuwepo.

Desemba 2016 hofu hiyo ilitimia kwenye kiwanda cha alumini cha Portland, jimboni humohumo, kinachotegemea gridi. Umeme ulikatika kwa takriban saa tano, na sehemu kubwa ya vyungu ikaganda.

Hata hivyo, mtambo wa Anglesea ulitoa kama asilimia 40 tu ya umeme wa Point Henry. Uliobaki ulitoka kwenye gridi. Makaa ya Anglesea yalikuwa na salfa nyingi, na bomba la moshi halikuwa na kichujio cha kuinasa. Wakazi waliokuwa wakivuta moshi huo walilalamika, na walikuwa na haki. Usalama wa vyungu ulistahili kulipiwa kwa mapafu ya nani?

Point Henry ilifungwa mwaka 2014. Mtambo ukatafutiwa mnunuzi, hakupatikana, ukazimwa Agosti 2015. Likabaki shimo la mgodi na ubishi wake: lijazwe maji, na maji hayo yatoke wapi?