Pini ya Kusikiliza na Pini ya Kuamuru: Pampu ya Maji Ijizime Yenyewe

Kamati nyingi za maji zingependa pampu ijizime tangi linapojaa, ili maji na umeme visipotee usiku mlinzi akiwa amesinzia. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Tuchukue mfano wa Arduino Uno, bodi iliyotoka mwaka 2010, yenye pini 14 za kidijitali. Kila pini hutambua hali mbili tu: juu, yaani volti 5, au chini, yaani volti 0.

Pini haijui kazi yake mpaka programu iiambie. Ama itakuwa ya kuingiza, isikilize habari za nje, ama ya kutoa, itume amri.

Pini ya kuingiza huungwa na swichi ya boya iliyomo tangini. Hapa ndipo mafundi wengi wanaoanza hukwama. Swichi ikiwa wazi, pini hubaki inaning'inia bila volti maalumu, nayo husoma lolote, hata kwa waya kuguswa tu, na pampu huwaka na kuzimika ovyo. Dawa ni rezista iliyomo tayari ndani ya chipu, ya kati ya kiloomu 20 na 50, inayoivuta pini hadi volti 5. Huwashwa kwa kuandika INPUT_PULLUP katika programu; hainunuliwi.

Swichi iungwe kati ya pini na upande wa hasi, nayo ijifunge maji yanapopungua. Tangi likijaa, swichi hufunguka, pini husoma juu, pampu husimama. Na panya akikata waya? Pini husoma juu vilevile, na pampu husimama. Sisi twapendelea hivyo: tangi tupu litagunduliwa asubuhi na mama wa kwanza mwenye ndoo, lakini pampu inayokwenda usiku kucha yaweza kukausha kisima na kuungua.

Pini ya kutoa haiwezi kuendesha pampu yenyewe. Kikomo chake ni miliampea 40, na ni busara isizidi 20. Huamuru rilei, nayo rilei huwasha kontakta ya pampu. Rilei nyingi za bei nafuu huwaka pini inaposhuka chini; kwa hiyo programu iiweke pini juu kwanza, ndipo iitangaze kuwa ya kutoa. La sivyo, kila umeme unaporudi, pampu itashtuka.

Wafadhili wataona bodi yenyewe ni sehemu ndogo ya bajeti. Kontakta, nyaya na fundi umeme mwenye leseni ndivyo vyenye gharama. Kabla ya kumlipa fundi, kamati imwombe achomoe waya wa boya pampu ikiwa inafanya kazi, na wote waone kama itasimama.