Manowari ya Rufiji na Namba Tasa ya Euler

Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliisaka wiki kadhaa, maana mto ule huingia baharini kwa midomo mingi na kila mdomo una vijito vyake vilivyofunikwa na mikoko. Wakaizingira hadi ilipoangamia Julai 11, 1915.

Jina lake ni la mji ambao wanahisabati wanaukumbuka kwa madaraja saba, fumbo alilolitatua Leonhard Euler. Euler huyohuyo, mwaka 1772, alithibitisha kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa.

Mchuuzi wa Nyamisati mwenye samaki 12 anaweza kuwapanga mafungu sawa: wawiliwawili, watatuwatatu, wannewanne, au sitasita. Akiwa na 13 hawezi. Atauza mmojammoja au wote kwa mpigo. Hiyo 13 ni tasa: haina kigawo ila 1 na yenyewe.

Namba ya Euler ni 2 kwa kipeo cha 31, kisha utoe 1. Kuihakiki kwa nguvu ungeigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushei. Namba hizo zinapita 4,000, na wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa!

Lakini mvuvi wa delta hatupi wavu kila kijito. Anajua kamba hupatikana maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi. Euler naye aliijua tabia ya windo lake. Kigawo chochote tasa cha namba ile, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 31 kibakishe 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Masharti hayo mawili yaliondoa karibu zote; zilizobaki hazikufika hata 100. Hakuna iliyoigawa bila baki. Kwangu mimi, uzuri wa hisabati uko hapo hasa, katika kujua pa kutokutafuta.

Si kila namba ya umbo hili ni tasa. Mbili kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, yaani 23 × 89. Gawa 23 au 89 kwa 11, utabaki na 1. Ila ukoo huu umezaa majitu: namba tasa iliyogunduliwa Oktoba 2024, mbili kwa kipeo cha 136,279,841 toa 1, ina tarakimu 41,024,320.

Mwalimu wa Kibiti, wape wanafunzi wako 8,191, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 13, toa 1. Kipeuo chake cha pili hakifiki 91. Watumie masharti yaleyale, 13 ikishika nafasi ya 31. Katika namba tasa zote zilizo chini ya 91 itabaki moja tu ya kujaribu, 79. Wagawe: jibu 103, baki 54. Ni tasa.