Punda Mgonjwa: Tumweke, Tumwazimishe au Tumwuze?



Ndugu zetu wa Lamu hawahitaji kuelezwa thamani ya punda. Vichochoro vya mji wao havipitiki kwa gari, na mawe ya kujengea, mchanga na magunia ya unga hufika mlangoni mgongoni mwa mnyama huyo. Sisi tuliohamia Machakos tumeikuta thamani hiyo kwa sura nyingine: huku punda ni maji. Wakati wa kiangazi mito mingi ya Ukambani hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima vifupi mtoni wakiyatafuta maji yaliyojificha chini. Nyumba yenye punda huleta maji ya kutosha kwa safari moja. Nyumba isiyokuwa naye humtwika mama au binti mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukimkaza pajini.

Kwa sababu hiyo, punda wetu jike alipoanza kuchechemea, halikuwa jambo la zizini pekee. Daktari wa mifugo alimkuta na uvimbe ndani ya kwato za mbele, maradhi ambayo hutulia lakini huweza kurudi. Alituagiza tumpumzishe asibebe kitu mpaka maumivu yaondoke, na baada ya hapo mzigo wake uwe mwepesi daima. Ndipo swali likaingia nyumbani. Familia nyingine zifugazo zitafikwa nalo pia, basi tumeona vyema kuwashirikisha jinsi tulivyolipima.

Tulianza na kuuza, kwa kuwa ndilo lililotajwa kwanza na majirani. Hapa dini imeshatuwekea mpaka: aibu ya bidhaa haifichwi. Sote tunajua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta sehemu ya chini imelowa, akamkemea mwenye mali kwa kutoidhihirisha. Punda aliyepumzishwa siku chache huweza kutembea vizuri siku ya soko, kisha akaanguka njiani wiki ya pili. Tukimwuza kwa kunyamaza, tutakuwa tumemdhulumu mama mwenzetu atakayemtegemea kwa maji.

Na tukisema ukweli, ni nani atakayemnunua punda kilema? Swali hilo lina historia yake hapa hapa Machakos. Mwaka 2012 serikali iliruhusu punda wachinjwe kibiashara, na baadaye vikafunguliwa vichinjio Machakos, Naivasha, Mogotio na Turkana. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi, ambayo China huchemshwa kupata gundi ya kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukazidi, na familia nyingi ziliamka asubuhi zikakuta kamba tupu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta milioni 1.2 hivi. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kuukomesha barani kote. Lakini mnunuzi wa siri hachagui mguu mzima wala mbovu. Anachotaka ni ngozi. Nyama ya punda wa kufugwa nayo ni haramu kwetu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Hatukuona njia ya kumwuza ambayo tungeweza kuielezea mbele ya watoto wetu bila haya.

Njia ya pili ilikuwa kumwazimisha. Jirani mmoja mwenye shamba dogo alimtaka kwa kubebea kuni. Kuazimisha ni wema, na sheria yetu inaujua kwa jina la ariya: kitu hubaki chako, manufaa humwendea mwenzako. Ugumu ni kwamba mnyama hana ulimi wa kusema amechoka, na punda huficha maumivu kuliko farasi. Mzigo wa kubebwa mgongoni haufai kuzidi thuluthi ya uzito wake. Kwa punda wa kilo 150 hiyo ni kilo 50. Mitungi minne ya lita 20 ina kilo 80, na hiyo ndiyo tunayoiona njiani kila siku. Isitoshe, punda akitenganishwa ghafla na mwenziwe waliyezoeana huweza kukataa kula, na kwake siku mbili za kutokula ni hatari kubwa. Anayeazimisha basi na aandike masharti mbele ya shahidi: kazi ipi, uzito gani, nani atamlipa daktari, na kwamba mwenyewe anaweza kumchukua wakati wowote. Pale masharti hayo yanapoonekana kuwa tusi kwa jirani, ni afadhali kutoazimisha.

Ikabaki kumweka. Hilo nalo si bure. Kwato zinahitaji kukatwa na fundi ajuaye kila baada ya wiki sita hadi kumi. Zizi lazima liwe kavu. Chakula chake kiwe nyasi kavu na mabua, wala si mahindi na pumba kwa wingi, kwa maana unene huyachochea maradhi haya. Ahitaji pia chanjo ya pepopunda, na jina lenyewe la ugonjwa huo latosha kutukumbusha sababu.

Tuliketi, na wa kwanza kusema walikuwa mama na mabinti, kwa kuwa wao ndio wajuao njia ya mtoni. Tumekubaliana kumweka. Kwa miezi mitatu jirani mwenye mkokoteni atatuletea maji, nasi tutamlipa kwa fedha tulizokuwa tukiweka akiba ya sherehe. Muda huo ukiisha tutamwita daktari tena. Akipona, atabeba mitungi miwili, safari moja. Akibaki na maumivu yasiyotulizika, tutamwomba daktari ampumzishe bila mateso, kwa maana kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza ni dhambi, na pia ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kwa familia iliyo katika njia panda kama yetu, tunashauri daktari atangulie dalali. Yaulizeni haya matatu: je, maumivu yanatibika? Je, tunamjua kwa hakika atakayemshika baada yetu? Je, yote tunayoyajua tumemwambia? Jibu likiwa hapana kwa la pili au la tatu, punda asitoke nyumbani. Ametubebea maji miaka mingi, na amana haimaliziki kwa sababu mbebaji amechoka.