Neva ya sauti: dokta anaitafuta wapi mu shingo?

Bandugu, mimi ni mtu wa mihogo, na mihogo njo ilinifikisha kwenye shingo. Kisiwani Idjwi, mu Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta iodini ni chache kila upande, lakini rovu (goita) lilizidi kaskazini. Walishuku mihogo. Sumu yake isipotolewa vizuri kwa kuloweka, mwili unaigeuza thiosianati, nayo inazuia tezi kuchukua iodini. Hapa Kolwezi pia tunachanganya mihogo mu bukari, basi tuiloweke siku za kutosha.

Rovu likikua sana linakatwa, na hapo njo kuna hatari. Nyuma ya tezi inapita neva nyembamba ya kuchezesha nyuzi za sauti. Inashuka kifuani kisha inarudi juu: ya kushoto inazunguka aota, ya kuume inazunguka mshipa wa damu unaoenda mkononi. Moja ikikatika, sauti inakwaruza. Zikikatika mbili, hata kupumua ni shida.

Dokta anaanzia kwenye mfereji kati ya bomba la pumzi na njia ya chakula. Kisha anatafuta mshipa wa damu unaolisha tezi kwa chini. Lakini neva inaupitia mbele, nyuma, ao katikati ya matawi yake, kwa hiyo alama hiyo peke yake haitoshi. Alama isiyobadilika sana iko juu: neva inaingia kwenye kisanduku cha sauti chini ya pembe ndogo ya gegedu la tairoidi. Rovu kubwa linaisukuma pembeni. Na kwa watu wachache, ile ya kuume haizunguki kabisa, inatokea shingoni moja kwa moja.