Kusoma Upepo na Mkondo: Kutoka Bahari Kuu hadi Maji ya Samia

Nahodha wa mashua ya matanga anayeshindana katika bahari kuu mara nyingi hashiki njia iliyonyooka. Makala hii inaeleza jinsi utabiri wa upepo na mikondo unavyomwezesha kuteua njia, kisha inahoji ni Kiswahili kipi kinachofaa kubeba utabiri wa aina hiyo hadi kwa wavuvi wa Sio Port na Port Victoria, upande wa ziwani wa Nangina katika Kaunti ya Busia. Nahodha huyo hutafuta ushindi na mvuvi hutafuta riziki, lakini wote wawili hutegemea maneno ya mtabiri ambaye hawamwoni.

Kila mashua ya mashindano ina jedwali linaloonyesha kasi yake kwa kila nguvu ya upepo na kwa kila pembe. Chombo cha tanga hakiwezi kuelekea moja kwa moja upepo unakotoka. Sharti kibishe, mara kushoto mara kulia. Kwa sababu hiyo njia ndefu yenye upepo wa ubavuni huweza kuwa ya haraka kuliko njia fupi. Programu ya kompyuta hulinganisha jedwali hilo na utabiri, ikachora mstari wa mahali pote ambapo mashua ingeweza kufika baada ya saa 3 au 6, kisha ikaanza upya kutoka kwenye mstari huo hadi mwisho wa safari. Mbinu hii ilielezwa na R. W. James mwaka 1957 kwa ajili ya meli, si mashua za mashindano. Hata hivyo, programu haimalizi kazi. Utabiri wa siku mbili za kwanza huaminika kuliko wa siku ya saba, na kwa hiyo anayeongoza hupenda kukaa kati ya wapinzani wake na upande unakotarajiwa upepo mpya, hata kama mstari wa kompyuta unampeleka kwingine.

Mkondo nao una hesabu yake. Mkondo wa maili 3 za baharini kwa saa ukisukuma chombo kwa saa 24 humwongezea nahodha maili 72 asizozitolea jasho. Mabaharia wa Uswahilini walilijua jambo hili zamani. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini. Wakati wa kusi upepo na maji huenda pamoja, ilhali wakati wa kaskazi mkondo hupungua nguvu na kukutana na ule unaoshuka kutoka Somalia. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyempata huko, akavuka hadi India kwa siku 23. Alipoanza kurudi kabla ya pepo za kaskazi kutulia, kuanzia Oktoba 1498 hadi Januari 1499, uvukaji huo ulimchukua takribani miezi mitatu na mabaharia wake wengi wakafa. Kwa baharia wa Lamu au Pemba, maneno kusi, kaskazi na maleleji ni utabiri tayari: ndani yake mna mwelekeo, majira na hali ya bahari.

Athari ya neno lisiloeleweka ilidhihirika mbali na kwetu, katika mashindano ya Sydney hadi Hobart ya mwaka 1998. Manahodha huko hupenda kuufuata mkondo wa maji ya uvuguvugu unaoshuka kusini kando ya Australia. Safari hiyo dhoruba iliwajia kutoka magharibi na kusini-magharibi, na upepo unapopambana na mkondo mawimbi huinuka wima kama kuta. Kati ya mashua 115 zilizoanza, 44 tu zilimaliza. 5 zilizama na watu 6 wakafa. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa onyo la dhoruba muda mfupi baada ya mashindano kuanza. Uchunguzi wa vifo hivyo ulionyesha kwamba mabaharia wengi hawakujua kuwa kasi iliyotajwa ni ya wastani, na kwamba mipigo ya ghafla huweza kuizidi kwa asilimia 40. Mwaka 2000 ilipendekezwa kwamba tahadhari zitaje mipigo hiyo waziwazi. Namba ilikuwepo; maana yake ndiyo haikufika.

Katika Ziwa Viktoria upepo una tabia ya kila siku. Mchana huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Upepo wa usiku humsaidia mvuvi wa tanga kutoka, lakini huo huo, ukikutana katikati ya ziwa na wenzake wa pwani nyingine, huzalisha mvua za ngurumo zinazopiga kabla ya mapambazuko. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni la vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka ziwani. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, ulilenga kuboresha utabiri kwa ajili ya watu hao.

Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Kishawishi ni kuchukua umande na matlai kutoka pwani na kuvipeleka Busia. Lakini Mombasa bahari iko mashariki; umande hutoka magharibi na papo hapo hutoka barani, kwa hiyo maana hizo mbili hazigombani. Sio Port ziwa liko upande wa kusini-magharibi, na upepo wa usiku utokao nchi kavu huja kutoka upande ambao Mmvita angeuita wa matlai. Istilahi safi kabisa ya pwani ingempotosha Msamia. “Upepo mkali”, linalopendwa na watangazaji, nalo halisemi kama ni wastani au ni mpigo. Tangazo linalomfaa mvuvi huyo lingesema hivi: usiku upepo utatoka nchi kavu, wastani wake kilomita 20 kwa saa, mipigo ya ghafla hadi 45, ngurumo katikati ya ziwa kuanzia saa 9 usiku.