Kabla ya Kuuza Kiwanja cha Baba

Baba aliposhindwa kujifunga kikoi mwenyewe, sisi wanawe tulikutana ukumbini baada ya sala ya Isha. Shauri lilikuwa moja: kiwanja chake, mali pekee iliyosalia, kiuzwe apate kupasuliwa, au kisiuzwe? Kaka yetu mkubwa alishikilia kiuzwe. Hatukumlaumu, nani apendaye kuambiwa kwamba alibania fedha mzazi wake akiteseka?

Maradhi ya Parkinson huua polepole seli za ubongo zitengenezazo dopamini, ambayo kwayo mwili hutembea kwa utaratibu. Dawa kuu ni levodopa. Miaka ya mwanzo Baba alimeza vidonge vyake akaendelea na shughuli zake. Maradhi yalipokomaa, nguvu ya kidonge ikawa yaisha kabla ya saa ya kidonge kingine. Hukakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua, kisha dawa ikipanda, mwili hucheza bila ya hiari yake.

Upasuaji huo, uliofanywa Ufaransa tangu mwaka 1987, hupenyeza nyaya nyembamba ubongoni zikaunganishwa na betri chini ya ngozi ya kifua. Hupunguza mtetemeko na hurefusha saa za wepesi. Lakini tabibu alitueleza tusiyoyauliza. Haukomeshi maradhi. Usahaulifu hauondoki, na sauti yaweza kuzidi kufifia. Damu yaweza kuvuja ubongoni, japo si kwa wengi. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka kadhaa ikatakiwa nyingine, na mitambo hutaka kurekebishwa na mtaalamu mara kwa mara. Kiwanja huuzwa mara moja tu.

Mama, aliyekuwa kimya, akauliza: “Na mimi mmenitia katika hesabu hiyo?” Ndiye amgeuzaye Baba usiku kucha. Tuliona haya. Mgonjwa akiweza kujigeuza, mkewe naye hupata usingizi; faida hiyo hatukuwa tumeiandika popote.

Baba mwenyewe alisema kutetemeka hakumwoneshi aibu. Kinachomuumiza ni miguu kuganda mlangoni mwa msikiti, watu wakimngoja nyuma yake. Hapo tulikumbuka kipimo cha tabibu: ukiacha mtetemeko, jambo ambalo kidonge hakilitengenezi hata katika saa yake nzuri kabisa, kwa kawaida upasuaji nao hautalitengeneza. Je, kidonge kikipanda, Baba huganda? Hakuna aliyeweza kujibu.

Tukaanza daftari la saa: kidonge, chakula, kutembea, kuganda. Wiki ya kwanza tu tuligundua kwamba vidonge vilimezwa pamoja na samaki na maharagwe, ilhali protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Sasa humeza nusu saa kabla ya kula, na saa za wepesi zimeongezeka. Jirani mwema alituletea mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini kiasi chake hakipimiki jikoni. Tulimshukuru tukaziweka kando. Kuhusu Ramadhani, tabibu ameonya kuwa kukatiza dawa ghafla ni hatari, na shekhe amemkumbusha Baba ruhusa ya mgonjwa na fidia. Amekubali kwa machozi.

Hati ya kiwanja imo sandukuni. Daftari tutampelekea tabibu mwezi ujao, na Baba ndiye atakayejibu kwanza. Kaka bado ananung'unika.