Buluu ya Chartres

Je, wajua kwamba magadi, yanayolainisha maharage jikoni, yana mkono katika kioo cha buluu kinachosifika sana nchini Ufaransa?

Kioo hicho kiko Chartres, mji mdogo ulio kilomita 90 hivi kusini-magharibi mwa Paris. Juni 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa kuu la mji. Humo kilihifadhiwa kitambaa ambacho waumini waliamini ni vazi la Bikira Maria. Kilipokutwa kizima, wakapata moyo wa kujenga upya. Mwaka 1260 kanisa jipya lilitabarukiwa.

Madirisha matatu ya upande wa magharibi, ya katikati ya karne ya 12, nayo yalinusurika. Pamoja nayo ilipona picha ya kioo ya Bikira Maria amempakata Mwanawe, ya mnamo 1180. Jua likiipiga kwa nje, joho lake la buluu hung'aa mbele ya wekundu mzito, na mtu aliyesimama chini hujikuta ameinua uso bila kujua.

Buluu hiyo haikupakwa. Fundi alitia kobalti kidogo katika kioo kilichoyeyuka, kikaiva na rangi yake ndani. Kikishapoa alikikata vipande, akachora nyuso na mikunjo ya nguo kwa wino mweusi, akavichoma tena, kisha akaviunga kwa vijiti vya risasi. Risasi hizo ndizo ile mistari myeusi tunayoiona.

Sasa magadi. Mchanga mtupu hutaka joto kali mno ili uyeyuke, hivyo mafundi wa kaskazini mwa Ulaya walichanganya majivu ya kuni, yenye potasiamu nyingi. Kioo cha majivu hulika na unyevu. Huota vishimo na utando mweupe. Buluu ya karne ya 12 ina sodiamu nyingi, kama vioo vya Warumi vilivyopikwa kwa magadi ya Misri. Watafiti wanaona huenda mafundi waliyeyusha upya vioo vya kale. Kwa sababu ya sodiamu hiyo, vipande vya buluu vimebaki safi huku vya jirani vimechakaa.

Madirisha ya karne ya 13 yana uzuri mwingine: wachapakazi. Chini ya kisa cha Msamaria Mwema wapo washona viatu. Kwingine muuza manyoya anamfunulia mteja joho. Mwaka 1939, Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia, vioo vilitolewa na kufichwa mbali. Baada ya vita vikarudishwa, na washona viatu wale wakakaa tena kazini.